Nilimfundisha mbwa wetu kuamkia wazee, sasa anakimbia mkono wa kila mtu

Wakuu, salamu kwenu wote, wa bara na wa pwani.

Nimekaa na jambo hili miezi minne, leo nalitoa. Nitalisema lilivyokuwa, hata pale ninapoonekana mjinga. Na pako pengi, kwa hiyo msiwe na haraka ya kucheka, mtafika.

Mimi ni fundi wa AC hapa kisiwani Mombasa. Mgiriama wa Kaloleni, Mkristo. Nimepanga Bondeni, vyumba viwili vya chini na kaua kadogo nyuma. Juu wanakaa wenye nyumba, Mzee Athmani na mkewe Bi Rukia. Bi Rukia ana chuo, anasomesha watoto Kurani huko juu. Koridoo ya kuingilia ni moja, yao na yetu.

Mke wangu yuko Uarabuni, kazi za nyumbani, mkataba wa miaka miwili. Tuna mtoto mmoja, Kadzo, miaka minane.

Mama yake alipoondoka, Kadzo alianza kukojoa kitandani. Chakula akawa anakichezea tu. Hakuwa analia, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Mtoto akilia unajua pa kuanzia.

Ndugu yangu wa Kaloleni akanipigia simu kwamba jike lake la mbwa limezaa, na kama nataka katoto kamoja ka kumchangamsha mtoto. Nikaona ni wazo zuri. Tatizo ni huko juu.

Kwa wale wasiojua nyumba za huku: kwa majirani zangu mate ya mbwa ni najisi nzito. Yakikugusa unapaosha mara saba, na moja kati ya hizo ni kwa udongo. Kwa hiyo huwezi tu kuingia na mbwa mlangoni kama unayeingia na televisheni.

Nikapanda juu nikamwambia Bi Rukia ukweli wote, wa mtoto, wa kitanda, wa chakula. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema:

"Baba Kadzo, mimi mwana huyo namuona. Haya, mlete. Lakini akae ua wa nyuma, tangi la maji asilisongee, na koridoo si ndia yake. Nyumba hini ni ya watu wa sala. Siku atakayomgusa mtu na udhu wake, itakuwa mambo mengine."

Nikashukuru mpaka nikapitiliza.

Mbwa akaja ndani ya boksi la feni. Wa rangi ya kahawia, mviringo, tumbo kubwa kuliko kichwa. Kadzo akamwangalia, akamwita Kaimati, kama vile vidonge vya unga vya kukaanga vinavyotiwa shira. Usiku ule alikula sahani nzima ya ugali.

Sasa training.

Nilikuwa sijui kitu. Kwetu Kaloleni mbwa hafundishwi, mbwa anazaliwa, analinda, anakufa. Nikaangalia video za Wazungu, wana mabustani makubwa, mimi nina ua wa kuanikia nguo tatu. Nikaomba mchanga kwa watu waliokuwa wakijenga mtaa wa pili, nikaujaza kwenye karai kuukuu. Wiki tatu za mateso. Alikojoa kila mahali isipokuwa kwenye karai. Alikojolea begi langu la spana. Kisha siku moja akapanda mwenyewe kwenye karai, akamaliza shughuli zake, akageuka kututazama. Kadzo alicheka mpaka akakaa chini.

Wakuu, nilikuwa sijasikia kicheko kile tangu uwanja wa ndege.

Na kitandani pakaanza kukauka. Sisemi ni mbwa tu aliyefanya hivyo, lakini mimi nilikuwa namuamini mbwa.

Basi Kadzo akaja na wazo lake. Huku watoto wana adabu ya kuamkia. Wakimkuta mtu mzima wanampa shikamoo, wanaushika mkono wake na kuubusu. Kadzo kakulia humo, anaamkia kama watoto wengine wote wa mtaani. Akasema Kaimati naye lazima ajue kuamkia, asije akatuaibisha.

Mimi nikaona raha. Jioni nikirudi kazini nanyoosha mkono, kiganja chini, nasema, "Haya, amkia." Kaimati anakuja mbio, anasimama, anaweka pua juu ya mkono, analamba mara moja. Anapewa kipande cha hamri, andazi la huku kwetu. Siku kumi tu akawa ameshika. Ikafika mahali hata neno halihitajiki. Akiona mkono umenyooka, anajua kazi yake.

Tukamwonyesha mama yake Kadzo kwa video. Alicheka na kulia kwa pamoja. Akasema, "Nikirudi, huyo ndiye wa kwanza kuniamkia." Kadzo akalishika neno hilo. Kila siku mazoezi, ili mama akija mbwa asisahau.

Ninyi mlio mbali labda hamjaliona tatizo. Mimi nilikuwa ndani ya nyumba ile ile na sikuliona. Nilimfundisha mbwa kulamba mikono ya wazee, chini ya chuo cha Kurani. Kwa bidii. Kwa hamri za kununua.

Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa, mchana.

Nilikuwa natoa mtungi wa gesi ya AC uani kuupeleka kazini, mikono yote miwili imejaa, nikauacha mlango wa ua wazi. Mimi, si mtoto. Mzee Athmani akateremka ngazi kwenda msikitini, kanzu nyeupe imepigwa pasi, kofia, mafuta ya udi. Koridoo ilikuwa na watoto watatu wanne wa chuo. Mzee ana desturi yake, akifika ngazi ya mwisho ananyoosha mkono na watoto wanapita mmoja mmoja wanamwamkia. Hata haangalii chini, anawaombea dua huku amekwisha kufikiria swala.

Mtoto wa kwanza akapita. Wa pili. Wa tatu.

Kaimati alikuwa amejipanga nyuma yao. Nawaambia kitu nilichokiona kwa macho yangu, alingoja zamu yake. Nilikuwa mlangoni na mtungi begani, siwezi kumshika. Akasogea, akaweka pua juu ya mkono wa Mzee, akalamba mara moja, kisha akakaa chini kungoja hamri.

Watoto wakakimbia. Mzee akabaki ameshikilia mkono wake mbali na kanzu, kama mtu aliyeshika kitu kinachochuruzika. Bi Rukia akateremka na ndoo, na udongo alioutoa kwenye chungu cha mrehani wake. Akamuosha mkono mumewe pale uani kwangu, mara ya kwanza na udongo, akahesabu mpaka saba. Kumbe na mkono wa kanzu ulikuwa umepata. Mzee akapanda kubadilisha. Alipoteremka tena, hotuba ilikuwa imeshaanza, tunaisikia kwenye kipaza sauti.

Mzee alinipita akasema, "Haidhuru." Basi.

Bi Rukia ndiye aliyesema, "Baba Kadzo, tutazungumza Jumapili."

Nikajua mbwa kaondoka. Na mbwa akiondoka nikaona kile kitanda, ile sahani isiyoguswa, yule mtoto asiyelia. Kazini sikwenda. Nikakaa uani nikajiambia nina Ijumaa na Jumamosi. Jumapili wakiteremka, nawaonyesha mbwa aliyeacha tabia. Nanyoosha mkono mbele yao, mbwa hasogei, mambo yanaisha.

Sasa fikeni pale nilipowaambia msiwe na haraka ya kucheka.

Nikachukua champali, ndala yangu ya mpira. Nikanyoosha mkono wa kushoto, kiganja chini. Kaimati akaja mbio, mkia unazunguka, akaweka pua. Nikampiga na champali.

Akalia kidogo, akarudi nyuma, akanitazama. Alidhani amekosea namna ya kufanya. Akaja tena, safari hii polepole, akaweka pua vizuri zaidi. Nikampiga tena.

Kadzo alikuwa ametoka shule. Akasema, "Baba, lakini si wewe ndiye unayemuita?"

Nikamwambia aingie ndani. Nilimwambia kwa sauti ambayo sijawahi kuitumia kwake.

Niliendelea jioni ile, na Jumamosi asubuhi, na Jumamosi mchana. Nanyoosha, anakuja, napiga. Ndivyo alivyokuwa mjinga wa mapenzi yule mbwa, alikuja mara nyingi sana. Kila alipokuja mimi ndio hasira zilipanda, kwa sababu kila alipokuja nilimuona Bi Rukia akisema aondoke. Kufika saa kumi Jumamosi nikanyoosha mkono, hakuja. Alijikunja nyuma ya karai la mchanga. Nikafurahi. Mungu anisamehe, nilisema "safi" kwa sauti.

Jumapili baada ya alasiri wakateremka wote wawili. Nilikuwa nimepanga viti uani. Nikaanza kuomba radhi, Mzee Athmani akanikatiza.

"Baba Kadzo, maji yako, udongo uko, mkono umetoharika. Dini haikuniwekea uzito hapo, wewe wajiwekea wa nini?"

Bi Rukia akasema wameshazungumza na seremala wa Makupa, aje atie mlango wa wavu unaojifunga wenyewe kati ya ua na koridoo. Hilo ndilo alilotaka tuzungumze. Wavu.

Kisha Mzee akatabasamu. "Na yule mnyama ana adabu kuliko watoto wa chuo. Amengoja zamu yake, nimeambiwa. Yu wapi?"

Kaimati alikuwa chini ya meza ya jiko, amegeuzia ukuta uso.

Bi Rukia akanigeukia. Akasema, "Wampigia nini mnyama? Tangu juzi twamsikia huko juu. Nikasema labda ni mwana yuwalia, nikashuka hadi ngazini, nikaona haya kuingilia nyumba ya mtu."

Wakuu, kama ni lawama nimejilaumu. Kama angeshuka ngazi nne zaidi. Kama ningepanda juu Ijumaa ile ile nikauliza, "Bi Rukia, tutazungumza nini?" Neno moja tu la kuuliza. Nilikwenda kuomba ruhusa ya kumleta, lakini sikwenda kuuliza kama kweli anafukuzwa. Nilimhukumu mwenyewe, nikampiga mwenyewe.

Mlango wa wavu upo, mzuri, unajifunga. Hauna kazi. Kaimati hajawahi kuukaribia.

Nimejaribu kila kitu. Hamri. Mifupa ya mbuzi. Nimekaa chini uani nimempa mgongo saa nzima, kama wanavyoelekeza kwenye video. Daktari wa mifugo niliyempelekea alisema nimpe muda. Muda nimempa. Anakula tukitoka. Akiona mkono wowote, hata wa Kadzo ukiwa na chakula, anajibana ukutani na kujikojolea. Karai la mchanga halitumii tena.

Na kitandani pia tumerudi tulikotoka. Sitaki kulizungumza hilo.

Jumapili iliyopita mama yake alipiga video. Amepata tarehe ya kurudi, amefurahi, anacheka. Akasema, "Mleteni Kaimati aniamkie kwenye simu." Akanyoosha mkono wake pale kwenye kioo, kiganja chini, na akangoja.

Kadzo akamjibu, "Mama, Kaimati haamkii tena. Baba alimfundisha kuacha."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama anayetoa habari za shule. Mama yake aliurudisha mkono taratibu, akaniuliza mimi, "Ni kweli?" Nikasema mtandao unasumbua.

Somo nililopata ni hili, na mnaweza kulichukua hata kama hamfugi mbwa. Mnyama, na mtoto pia, anachojifunza ni wewe, hiyo amri ni kelele tu. Mimi nilidhani nimemfundisha kuamkia, kumbe nilimfundisha kwamba mkono wangu ni mahali salama. Nilipotaka kumfutia kuamkia, nikafuta kile kingine. Na kile kingine sijui kinaandikwaje upya.

Mwenye kujua, aliyewahi kupata mbwa wa namna hii akarudi, naomba aniandikie alifanya nini, hatua kwa hatua. Mama Kadzo anafika baada ya wiki sita. Na mwenye kutaka kunitukana pia karibu, nitasoma yote.

Jambo la mwisho. Zamani nikirudi kazini Kadzo alikuwa anakuja mbio, anashika mkono wangu na kuubusu, ndipo anauliza nimeleta nini. Siku hizi shikamoo ananipa, tena vizuri, kwa heshima zote.

Anaitoa akiwa amesimama mlangoni mwa chumba. Nami naitikia marahaba, mikono nikiwa nimeiweka nyuma.