Marehemu wa Kila Filamu

Mtaa mzima ulimwita Marehemu, naye akaitika. Angefanyaje? Alicheza filamu nyingi kweli kweli, na hakuna hata moja aliyofika mwisho akiwa hai. Alichomwa visu, alinyongwa na majini, alitafunwa na maiti wenzake. Bosi Mkanda, mwenye kamera, alikuwa bahili wa kutupwa, hataki kuongeza waigizaji. Basi Marehemu aliuawa asubuhi akiwa jambazi mwenye ndevu, akanyolewa, akauawa tena mchana akiwa polisi. Watazamaji waliona kabisa kuwa ni yule yule, na makofi wakapiga.

Zilikuwa filamu za ovyo, tusidanganyane. Mashetani waliojipaka unga, mapanga ya mbao, wasichana wakikimbia porini na vigauni vifupi bila sababu ya maana. Lakini jamani, raha iliyokuwepo! Chumba cha uani kwa Bosi kilikuwa mochwari, ofisi ya mkuu wa polisi na kuzimu, kutegemea pazia gani limetundikwa. Damu ilipikwa kwenye sufuria, sharubati nyekundu na unga wa ngano, na sisimizi waliwahi kufika kuliko waigizaji. Walimpanda Marehemu shingoni mpaka puani, naye kimya, hatikisiki. "Huyu anajua kufa!" Bosi alikuwa akisema, na sijasikia amemsifu mtu mwingine yeyote.

Jambo moja tu lilimkaa rohoni. Mkewe hakuwahi kutazama filamu zake. Majirani wamejazana sebuleni, kanda inaingia tu kwenye mashine, mama watoto anakumbuka kuna kitu jikoni. Picha zikiisha anarudi, anauliza nani hajapata chai. Marehemu akajipa jibu mwenyewe: ananionea haya. Nani asingeona haya, mume mzima kazi yake kujimwagia sharubati? Hakumlaumu, ila hakumuuliza pia. Wakazeeka hivyo hivyo, wakipendana katika mengine yote. Mwaka jana mama watoto akafariki, na mzee akabaki na swali lake.

Mara moja tu ndiyo mkewe aliwahi kuigiza. Mwanamke wa kumlilia maiti hakutokea siku hiyo, na mama watoto alikuwa amepita kumletea mumewe chakula. "Shemeji," Bosi akamwita, "hebu njoo umlilie huyu kidogo tu." Akalia. Marehemu hakuona kitu, si alikuwa amekufa, macho kayafumba? Jioni yake mkewe alisema hatakanyaga tena pale, na kweli hakukanyaga.

Kanda hiyo ndiyo mzee aliyoitaka sasa. Alitaka kuuona uso wa mkewe siku ile, hata kama angeikuta aibu aliyoiogopa miaka yote.

Watoto wa Bosi walipokuwa wakisafisha stoo ya marehemu baba yao, binti kitinda mimba wa mzee alikwenda akarudi na gunia la kanda za kamera, ambazo hazijahaririwa. Fundi wa televisheni akazifuta ukungu moja moja mpaka ile ikapatikana. Alasiri moja baba na binti wakakaa sebuleni, mashine ikakoroma, picha ikaja inatetemeka. Mama watoto huyo, mwembamba, kilemba kimelegea, akajitupa kifuani kwa maiti, akaangua kilio.

"Mama alikuwa mzuri, baba!"

"Unanisimulia mimi?"

"Kata!" sauti ya Bosi ikasikika. Lo! Bahili aliyewafokea watu kwa kupoteza kipande cha mkanda, siku hiyo alisahau kuzima kamera. Maiti akanyanyuka, akajipangusa vumbi, akacheka na wenzake, akatoka kwenye picha akiulizia chakula chake. Mama watoto alibaki pale pale chini, mabega yakimtetemeka.

"Shemeji, tumemaliza. Inuka basi."

"Najua mmemaliza." Alijifuta uso kwa ncha ya kilemba, machozi yakaja tena. "Lakini mimi siwezi. Nikimwona amelala vile, hata kwa mchezo, roho inanitoka. Msiniite tena, na hizo picha zenu sizitazami. Ila msimwambie. Ataiacha kazi, na anaipenda mno."

Picha ikakatika, zikabaki chenga tupu. Mzee alikuwa amesogeza kiti mpaka magoti yanagusa kioo cha televisheni, na machozi yanamtiririka, hayafuti.

"Nizime, baba?"

"Rudisha nyuma. Rudisha pale ninaponyanyuka."

Binti akarudisha. Yule kijana akanyanyuka tena, akajipangusa tena, anacheka, anaelekea zake nje ya picha na kumwacha mkewe chini analia.

"Geuka, mjinga wewe," mzee akamwambia. "Geuka umwangalie."