Siku Niliyobebwa kwa Machela na Miguu Ninayo

Nianze kwa kusema kwamba aibu hii ninayo mpaka leo, na kama mngenikuta Lushoto siku ya soko mngejua wenyewe hata bila mimi kusimulia, maana kuna mama mmoja muuza karoti ambaye kila akiniona anapaza sauti, "Zumbe! Leo unatembea mwenyewe?" (zumbe kwa sisi Wasambaa ni chifu, na mimi si chifu, ni mtoto wa mkulima wa kabichi), basi wateja wake wote wanageuka kunitazama miguuni. Nami nacheka. Nifanyeje?

Mimi ni mtu wa Kwai, nasomea shahada ya uzamivu, mambo ya mifumo na sera za afya, chuo kimoja huko Dar. Kwa lugha ya nyumbani ninachotafiti ni hiki: mtu akiugua huko juu mlimani ambako gari halifiki, anafikaje zahanati, na wale wanaopanga huduma ofisini wanamkumbuka au wanadhani kila mtu anaishi kando ya lami. Kwa ajili hiyo nilikwenda kukaa kwa mama mdogo, mdogo wake mama yangu, aliyeolewa kitongoji kimoja juu ya Gare (jina la kitongoji naliacha, wale watu wamenistahi vya kutosha).

Kitongoji kile kina machela moja. Miti miwili na turubai, inatundikwa ukutani kwa mwenyekiti, Mzee Shemboko, na pembeni yake kuna rimu ya gari inayogongwa mtu akizidiwa. Rimu ikilia, kila nyumba inatoa mwanaume, awe analima, awe anakula, anaacha anakuja, na wanapokezana kumbeba mgonjwa kuteremka naye mpaka zahanati, halafu hakuna anayelipwa wala kushukuriwa sana, maana kesho ni zamu ya mwingine. Asiyekuja anajua akiugua yeye itakuwaje.

Aliyenieleza haya vizuri kuliko wote ni Zaina, jirani wa mama mdogo, binti mdogo tu aliyeolewa na kijana anaitwa Athumani. Zaina alikuwa mjamzito, na mimba hii ilikuwa ya pili, maana ya kwanza alichelewa kufika na mtoto hakupona, ndiyo maana muuguzi alikuwa amemsisitizia kwamba safari hii uchungu ukianza tu ateremshwe, asisubiri. Alikuwa akinimenyea viazi huku mimi nikimrekodi, akaniambia, "Dada, mimi jioni kabla sijalala huwa nachungulia kwa Mzee Shemboko. Nikiiona machela iko ukutani, nalala." Maneno haya niliyapenda mno. Niliyapigia mstari! Nikajiona mtafiti hasa.

Sasa tatizo likaja kwa profesa wangu msimamizi. Alisoma sura niliyomtumia akajibu kwamba nina masimulizi mazuri lakini sijaona hata safari moja kwa macho yangu, niwepo mtu anapobebwa, nipime muda, nione wanapopumzika na wanapokwama. Nikakaa kusubiri mgonjwa. Nikasubiri wee, kitongoji kizima kizima kama kigongo, watu wanakohoa tu na kupona. Naona aibu kusema hivi lakini nimeshaanza, ngoja nimalize: ilifika mahali nikipiga magoti usiku namwomba Mungu mtu augue, augue kidogo tu, asife.

Mungu akasikia. Asubuhi moja ya ukungu, mvua imenyesha usiku kucha na udongo umelainika, nilikuwa napita kwenye matuta ya kabichi ya mama mdogo nikateleza, nikaenda chini na mwili wangu wote (na mwili ninao, hilo wanaonijua hawabishi), kifundo cha mguu kikapinda kidogo. Kidogo! Kile cha kusema "ah!" ukajifuta matope ukaendelea na safari zako. Lakini mama mdogo aliniona nikianguka, akatupa jembe akaja mbio akipiga kelele, "Usiinuke! Usiinuke mwanangu, mguu umevunjika huo!"

Na hapo, ndugu zangu, ndipo nilipopata wazo. Nikiwa pale chini na matope mpaka sikioni nikajiambia, mgonjwa uliyekuwa unamwomba si ndiye huyu? Safari nzima nitaiona, tena nikiwa ndani yake. Nikafumba macho nikasema kwa sauti ya chini, "Mama mdogo, siwezi kusimama."

Nilikusudia nikifika zahanati niseme nimepata nafuu, niwashukuru, niwanunulie soda, yaishe. Ndivyo nilivyodhani.

Rimu ikalia. Nawaambia kweli, ukiisikia ukiwa na afya ni mlio tu, ukiisikia inalia kwa ajili yako na unajua unadanganya, unahesabu kila pigo. Wanaume wakatokea kwenye ukungu kila upande, wengine na matope ya shambani, mmoja mswaki bado mdomoni. Mzee Shemboko akanitazama, akaitazama machela, akanitazama tena, akawaambia wanaume wenzake, "Huyu twendeni wote, wagosi. Hakuna wa kubaki." Laiti ningekuwa mwembamba! Wangechukuliwa wachache, wengine wangebaki kitongojini, na labda leo ningekuwa nasimulia kingine.

Wakaniweka, wakanifunika kanga mpaka kidevuni, na mimi chini ya kanga nikawasha saa ya simu ianze kuhesabu. Athumani, mume wa Zaina, alishika mti wa mbele upande wa kichwa changu, na kila nilipofumbua jicho niliona shingo yake inavyotoka jasho. Mama mdogo alifuata nyuma na chupa ya uji, analia, na huku analia anampigia simu mama yangu Kwai, "Dada njoo, mwanao tumembeba!" Kwetu ukiambiwa mtu kabebwa huulizi kaumia wapi.

Safari ilikuwa nzuri kwa utafiti, Mungu anisamehe. Wanapanda mgongo wa mlima kwa wimbo, wanateremka kimya, wanabadilishana bila hata kusimama. Tatizo likaja kwenye njia panda, ambapo Mzee Shemboko alisema wakate kupitia mashamba ya watu, ni karibu zaidi, na mimi nikaona hapana, wataniharibia vipimo. Nikasema kutoka chini ya kanga, "Msikate. Pitieni njia mnayopitaga siku zote."

Halafu nikamsikia mama mdogo, "Yesu wangu, ameanza kuweweseka." Wakaongeza mwendo. Nikawa narushwa mle kama gunia la viazi, na watu wa Gare njiani wanavua kofia, na mama mmoja nisiyemjua kabisa akaanza kulia kwa sauti, na mimi siwezi tena kusema lolote kwa sababu kila nikisema ninazidi kuwa mahututi.

Ndipo simu ya Athumani ikaanza kuita mfukoni mwake, juu kidogo ya sikio langu. Ikaita mpaka ikakatika, ikaanza tena. Mikono yake yote miwili ilikuwa kwenye mti. Mwenzake akamwambia, "Mgosi, si upokee?" Akajibu anahema, "Ni nyumbani. Itakuwa wanauliza hali ya mgonjwa. Nitawapigia tukimfikisha." Ikaita tena. Mimi nikiwa nimelala chini yake, mzima wa afya, nilichowaza ni kwamba akiipokea watasimama, na wakisimama muda wangu utaharibika. Niliwaza hivyo kweli. Ningeweza kusema neno moja tu, nishusheni. Sikusema.

Tulipofika zahanati wakaniweka kitandani, muuguzi akaanza kukibonyeza kifundo na uso wake ukaonyesha kwamba haoni anachoelezwa, na Athumani akatoka nje kupiga simu. Nikamsikia kupitia dirishani. "Tangu saa ngapi?" akauliza. "Chupa ya uzazi imepasuka? Mama, machela tunayo sisi huku. Wanaume wote tuko huku."

Muuguzi aliacha mguu wangu akauliza ni nani, akaambiwa ni Zaina.

Jamani, hata sijui niliinukaje. Niliruka kitandani, nikaikamata machela mlangoni nikaanza kukimbia nayo, napiga kelele, "Twendeni! Twendeni, mnangoja nini!" Nilifika katikati ya uwanja ndipo nikaona hakuna anayenifuata. Nikageuka. Wanaume wote wamesimama wananitazama miguu, mama mdogo amekumbatia chupa ya uji, na getini ndiyo kwanza mama yangu anashuka kwenye bodaboda na viatu vyake vya shambani, ana mfuko wa kanga za msibani mkononi.

Mzee Shemboko akaja mpaka karibu yangu. "Ulikuwa unaweza kutembea?"

"Ndiyo, mzee."

"Tangu kule kwenye kabichi?"

"Tangu kule. Nisamehe, mzee wangu, nilikuwa..." Nikataka kueleza utafiti, profesa, sura ya nne.

"Haya," akasema. Akaichukua machela mikononi mwangu taratibu, akawapa vijana, wakaondoka mbio. Athumani hakunitazama hata kidogo.

Niliwafuata. Muuguzi alibeba mkoba wake wa uzazi, na mimi nilipanda mlima ule nikilia kwa sauti, mguu sasa umeanza kuuma kwelikweli, na hakuna aliyeniambia pole. Tuliwakuta njiani. Wanawake wa kitongoji walikuwa wamefunga blanketi kwenye mti wakambeba Zaina wenyewe, wakamfikisha mpaka kwenye kijito, na pale mtoto akakataa kungoja. Walikuwa wamesimama mduara wameshika kanga juu kumkinga na mvua iliyokuwa imeanza tena. Athumani alisimama nje ya ule mduara, mikono kichwani, anasema, "Nilisikia inaita. Nilisikia inaita." Nadhani nikiwa mzee na nimesahau kila kitu, hilo nitakuwa nalikumbuka.

Halafu mtoto akalia. Wa kike, mzima. Zaina alitokwa na damu nyingi ikabidi muuguzi ahangaike naye palepale kwenye majani, lakini Mungu si wa mtu mmoja, akatulia. Wakamlaza kwenye machela, kwenye turubai ambalo lilikuwa bado na matope yangu. Nikasema, "Nipeni na mimi zamu, nibebe." Athumani ndiyo mara ya kwanza akanijibu, wala hakuwa na ukali. "Hapana, dada. Utamwangusha."

Basi nikateremka nyuma yao nimeshika ndala za Zaina, mama yangu pembeni yangu na mfuko wake wa kanga za msibani.

Vipimo vya safari ile ninavyo. Saa ya simu iliendelea kuhesabu mfukoni mpaka simu ikazima yenyewe. Profesa aliniuliza kama hatimaye nimeshuhudia safari, nikamwambia ndiyo, akanipongeza, akataka takwimu, nikashindwa, nikamweleza ukweli wote kwa simu huku nimejifungia chooni kwa mama mdogo. Akasema sura hiyo isitishwe kwanza na niandike barua kwa kamati ya maadili. Niliandika. Kwenye tasnifu ninayo orodha ya mambo yanayowachelewesha wajawazito, mvua, mlima, kukosa gari, na kila nikifika pale najua kuna moja halimo, na moja hilo ni mimi.

Zaina alipotoka zahanati nilikwenda na sukari na nguo za mtoto, nikakaa mlangoni kama mkwe, sijui nianzie wapi. Kwao hawakunifukuza, na afadhali wangenifukuza. Nikamwambia, "Zaina, nimekuja kukuomba radhi. Machela yako niliichukua mimi, na sikuwa mgonjwa."

Alikuwa ananyonyesha. Akasema, "Nimeambiwa, dada." Akamhamisha mtoto upande wa pili, akamfuta mdomo. "Uchungu uliponishika nilitoka nje nikachungulia ukutani, nikaona haipo. Wakaniambia imeondoka na wewe, na wewe huna fahamu. Basi nikawa nakuombea. Njia nzima nakuombea wewe, dada, nikasema mimi nitajikaza, yule ana hali mbaya kuliko mimi."

Nilikunywa chai yao nikaondoka, na nilipopita kwa Mzee Shemboko machela ilikuwa ukutani, imefuliwa, turubai linachuruzika maji. Nilimwamkia, "Shikamoo mzee," akaitika, "Marahaba," akaniuliza mguu unaendeleaje.

Tangu siku hiyo nikianguka, iwe kwenye tope, iwe kwenye ngazi za chuo mbele ya watu wote, nainuka hapohapo kabla hata sijajua kama nimeumia.