Aliyezidi Kwenye Basi

Usiniamini ukitaka, lakini haya yalinipata mimi mwenyewe, Maskati, mchana kweupe, na akili zangu ninazo.

Nilikuwa mfanyakazi wa ndani kule Qurum. Nilimtoroka kafili wangu, yaani tajiri mwenye viza yangu, nikakamatwa, nikafungwa. Kifungo kilipokwisha tukapakiwa kwenye basi, wanawake watupu, tupelekwe uwanja wa ndege turudishwe makwetu. Mama yangu alikuwa mahututi Tanga. Nilimwomba Mungu kitu kimoja tu, nimkute hai.

Basi halikuondoka. Askari wetu, dada wa Kiomani mwenye asili ya Unguja, alituhesabu, akaguna, akarudia.

"Kuna mmoja kazidi," akasema. "Hatwendi pahala mpaka nimjue."

Jasho likanitoka. Ndege gani humsubiri mfungwa?

Ndipo nikamwangalia niliyekaa naye. Binti mdogo, kajifunga kaniki, anatetemeka kwa baridi, na joto la Maskati mnalisikia. Akaniita mjukuu wake. Mimi mwenye mvi hizi. Akaninong'oneza kwamba anayezidi ni yeye. Alihukumiwa kwao Pwani zama za merikebu za matanga, akaletwa huku kutumikia kifungo.

"Kifungo kilikwisha," akasema. "Wa kunirudisha hakupatikana. Nipe upande mmoja wa kanga yako, nihesabiwe nawe."

Bibi yangu alitufunza kuwa doti huigawi na usiyemjua, maana mkishagawana pande mbili zile, nyinyi ni mtu na mwenzake. Nililijua hilo vizuri. Lakini mama alikuwa anakata roho. Nikampa.

Askari akahesabu tena, tukatimia, basi likaondoka. Kiti cha pembeni yangu kilikuwa kitupu, kimelowa. Kanga sikuiona tena.

Mama nilimkuta hai, alhamdulillahi. Alinikumbatia, kisha akachungulia nyuma yangu.

"Mwanangu, mwenzio mbona humkaribishi? Kasimama mlangoni na kanga yako."

Mama ametangulia mbele ya haki. Yule mwingine yupo. Nikimimina chai namimina vikombe viwili, nisipofanya hivyo sakafu inalowa maji ya chumvi. Namwogopa, tena namhurumia. Kila magharibi ananiuliza, "Mjukuu wangu, kwetu bado?" Pwani ni ndefu, kwao hasa ni wapi? Mwenyewe kasahau.

Basi nawe, ukiwa kwenye gari la wanaorudishwa, ukaombwa upande wa kanga, toa doti nzima. Usibaki na upande wako.