Msonobari wa Mwisho wa Kaka Yangu

Kaka yangu ni fundi viatu. Mtaani wanamwita Mzee Mifupi, ingawa yeye mwenyewe ni mrefu wa kuinama mlangoni. Ni kwa sababu ya misonobari yake. Nyuma ya nyumba alikuwa nayo kumi na tisa, kwenye vyungu vipana visivyo na kina, na hakuna hata mmoja ulionifika kiunoni. Shemeji yangu huwaambia wageni, "Mimi nina wake wenza kumi na tisa, na wote wanakunywa maji kabla yangu."

Hapandi mbegu. Hukwea mlima, kwa ruhusa ya bwana misitu, akatafuta miti mizee iliyodumaa kwenye nyufa za miamba. Akiupata mti hauondoi siku hiyo. Mwaka wa kwanza hukata mizizi ya upande mmoja na kurudisha udongo. Mwaka wa pili hukata ya upande wa pili. Mwaka wa tatu ndipo huung'oa.

Wa ishirini ndio aliosema ni wa mwisho, maana magoti yake yalikuwa yamekwisha. Mara zote tatu nilimshika mkono kumpandisha. Siku ya kuung'oa alikaa kwenye jiwe, akahema, akasema, "Mdogo wangu, huu ukishika, sitaki kingine."

Tulishuka na mvua. Mti nilikuwa nimeubeba mgongoni, mizizi ndani ya gunia bichi. Nyumbani kaka alifika anatetemeka kwa homa, akajitupa kitandani. "Uweke kwenye chungu," aliniambia, "mizizi isikauke."

Kazi ya mizizi alikuwa akiifanya mwenyewe siku zote. Mimi nilikuwa wa kubeba mchanga. Na kazi yangu ni kuosha masufuria katika kantini ya kiwanda, mwaka wa ishirini na mbili huu. Nilipofungua gunia nikakuta mizizi imetandwa na ukungu mweupe, kama mkate uliosahaulika kabatini. Nikajua inaoza. Nikafungulia bomba, nikasugua taratibu kwa brashi, mzizi mmoja mmoja, hadi ikang'aa. Kisha nikaupanda.

Jioni kaka aliegemea mlango, akautazama. "Leo umenifaa kweli," alisema. Mimi si mtu wa kusifiwa. Niliinamisha kichwa, nikaona raha.

Wiki tatu baadaye mteja aliyekuja kuchukua viatu aliuliza habari za ile miti. Kaka akipata wa kumsikiliza hanyamazi.

"Kuna ukungu mweupe kwenye mizizi," alimwambia. "Ndio unaoulisha msonobari. Ukiuosha, umeuua mti."

"Na utajuaje kama umekufa?"

"Hapo ndipo kazi ilipo. Hauambii mtu. Unaweza kufa leo, ukabaki wa kijani miezi minne."

Nilikuwa nimeshika kiatu cha yule mteja. Niliikodolea macho soli yake kama nasoma gazeti.

Basi kila asubuhi nikipita kwenda kazini, kaka alikuwa ananiita uani. "Umeona? Kijani!" Nami najibu, "Naona, kaka."

Mwezi wa tano tangu niupande, majani yakageuka rangi ya chai. Kaka akakwangua gome kwa ukucha. Ndani palikuwa pakavu kama kuni. Hakuutazama tena mti, aliitazama mikono yake.

Kesho yake alimpa jirani yetu seremala miti mitatu na waya wote wa shaba wa kukunjia matawi. "Nilikata mizizi vibaya," alimwambia shemeji. "Mikono imekufa." Juma hilo hilo akaanza kurudisha viatu vya watu. "Peleka kwa mwingine. Mkono wangu siuamini."

Ni hivyo viatu vilivyonishinda. Nilisimama nyuma ya kiti chake, nisiuone uso.

"Kaka, ile mizizi niliiosha."

"Uliiosha?"

"Nilidhani inaoza."

"Yote?"

"Yote. Mpaka ikang'aa."

"Kwa sabuni?"

"Hapana, kaka. Maji tu, na brashi."

"Na brashi," alisema. Akacheka puani, kicheko kisicho na furaha. Kisha akasema polepole, "Miezi mitano, unaniambia unaona kijani."

Alikwenda mwenyewe kwa seremala kudai waya wake. Viatu vimerudi mezani, vimejaa. Mti mkavu hajautupa, umo kwenye chungu kile kile nilichoupandia mimi. Siku ya mapumziko bado naenda kwake. Kaka ananionyesha kigoda cha mbali, upande wa pili wa uani.

"Kaa pale," husema, "ninapoiona mikono yako."

Naiweka magotini, naye anakunja matawi yake. Nikimaliza chai, shemeji hunipokonya kikombe kabla sijafika bombani.