Mstari Mweupe kwenye Loki za Hanwell

Siku ya kwanza ya kazi ya ulinzi wa mfereji wa boti nilifika Hanwell saa moja na nusu asubuhi, nikitokea Hounslow kwa basi. Nilivaa viatu nilivyokuwa nikifanyia usafi uwanja wa ndege, kwa sababu sikuwa na vingine. Msimamizi wa eneo, mama wa makamo asiyependa maneno mengi, aliviangalia viatu kabla ya kunitazama usoni.

"Hivyo vitakutupa majini," alisema. Akanipa mkono wa chuma uliopinda, wa kuzungushia mitambo ya malango. "Huu usiuache popote. Hata chooni nenda nao."

Vijana wengi hupita pale kwa baiskeli bila kujua wanachokiona, kwa hiyo nieleze. Mfereji hauteremki kilima kama mto. Ungeachwa hivyo, maji yote yangekimbilia bondeni. Wajenzi wa zamani waliukata ngazi ngazi, na kila ngazi tunaiita loki. Ni chumba cha matofali chenye malango mazito ya mbao juu na chini. Boti ikiingia, unafunga malango nyuma yake, kisha unafungua vilango vidogo vilivyozama chini ya maji. Maji ya chumba yanajaa au yanapungua, na boti inapanda au kushuka nayo. Maji yakilingana pande zote mbili, unasukuma lango kwa mgongo, ukitembea kinyumenyume. Kabla ya hapo halisogei, hata msukume watu kumi. Hanwell loki ziko sita mfululizo, kando ya ukuta mrefu wa hospitali ya zamani. Kuzishuka zote huchukua saa moja na nusu, na mimi nilitembea na boti loki kwa loki.

Mengine nilijifunza mwenyewe. Nilikopa vitabu maktaba, nikachora kila loki kwenye daftari, nikaandika lango lipi linavuja na kilango kipi kinakwama wakati wa baridi.

Jambo moja Msimamizi hakuliachia vitabu. Chini ya lango la juu kuna kizingiti cha mawe kinachojitokeza ndani ya chumba. Loki ikiwa imejaa hukioni. Maji yakishuka, nyuma ya boti ikiwa juu ya kizingiti, inakalia jiwe huku mbele ikiendelea kushuka, na boti inainama mpaka inazama. Ndiyo maana ukutani pamechorwa mstari mweupe. Boti yote inapaswa kukaa mbele ya mstari huo.

"Boti ikishuka, macho yako yako kwenye mstari," alisema. "Mtu akikusalimia, mstari. Mbwa akianguka majini, mstari."

"Na mtu akianguka?"

"Funga vilango, mtoe, kisha urudi kwenye mstari."

Kazi hii ilinipa watu kwa saa moja na nusu tu. Waliuliza kama mvua itanyesha na choo kiko wapi. Kwenye loki ya sita, lango likifunguka, mmoja angeuliza natoka wapi, na kabla sijamaliza kusema Kigoma, boti ilikuwa imeshapita. Miaka minne ilipita hivyo. Nyumbani binti yangu alinielewa vizuri, lakini alinijibu kwa Kiingereza. Zilikuwepo wiki ambazo Kiswahili changu chote kilikuwa ni kuhesabu mizunguko ya mkono wa chuma.

Asubuhi moja ya Machi ilikuja boti ya kijani, mtu mmoja kwenye usukani. Kamba ilimponyoka, akailaani kwa Kiswahili.

"Wee ndugu," nilimwita, "kamba haina kosa!"

Alinyanyua uso kama aliyeitwa kwa jina. "Kumbe uko Mtanzania! Mi niko wa Uvira."

"Uvira! Mimi wa Kigoma. Tuko ziwa moja."

"Basi uko jirani yangu, na ulijificha hapa siku zote!"

Aliitwa Papa Riziki. Boti ndiyo ilikuwa nyumba yake; alikuwa akiishi humo peke yake tangu watoto wake wahamie Stratford. Tulishuka loki mbili tukicheka. Kwenye ya tatu nilifungua vilango vya chini, nikainama ukingoni, naye akaanza kunieleza jinsi mama yake alivyokausha dagaa juu ya paa la shule mpaka mwalimu mkuu akahamisha darasa. Nilicheka mpaka nikafunga macho.

Nilichosikia kwanza ni sahani kuvunjika. Mbele ya boti ilikuwa imeshuka, nyuma yake imekaa juu ya kizingiti, na maji yalikuwa yanaingia kupitia mlango wa mbele. Nilikimbia kufunga vilango vya chini. Halafu nilifungua vya juu, robo tu, kwa sababu maji mengi kwa ghafla yangeimalizia. Papa Riziki alishika usukani. Polepole boti ikainuka na kukaa sawa.

Haikuzama. Lakini mfuko aliouweka sakafuni ulikuwa umelowa: barua zake za kibali cha kuishi nchini, na picha za marehemu mkewe. Tulizipanga moja moja juu ya boriti ya lango zikauke, tukazikandamiza kwa kokoto.

"Nisamehe, Papa Riziki."

"Acha tu, kaka," alisema, bila kunitazama. Loki tatu zilizobaki tulizishuka, mimi macho kwenye mstari.

Jioni Msimamizi alisoma ripoti yangu. "Hapa kwenye sababu umeandika ulikuwa unazungumza."

"Ndiyo."

"Wenzako huandika upepo."

"Hakukuwa na upepo."

Aliiweka ripoti mezani. "Mlizungumza nini?"

"Dagaa," nilisema. Hakucheka.

Nilihamishiwa upande wa Stratford, kwenye loki ya mitambo inayofunguliwa kwa kitufe. Mtu hupita bila kukuona. Nilikaa huko miaka sita, kisha nikarudishwa Hanwell. Boti ya kijani sikuiona tena. Niliwaambia wenye boti wamsalimie Papa Riziki wakikutana naye. Sikuzungumza tena na yeyote maji yakiwa yanatembea, na baadaye hata yaliposimama.

Mwaka huu goti limenistaafisha kabla ya umri. Siku ya mwisho, saa nne asubuhi, boti ya kijani ilikuwa inangoja juu ya loki ya kwanza. Ndevu za aliyeshika usukani zilikuwa nyeupe.

"Nilisikia unaacha kazi," alisema Papa Riziki. "Ulishawahi kushuka hapa ndani ya boti?"

"Hata mara moja."

"Panda basi."

Mlinzi mpya, dada mmoja makini, alifunga malango nyuma yetu. Kuta zilianza kuinuka, nyeusi, zikichuruzika maji, na mbingu ikabaki kipande chembamba. Kule juu mlinzi alionekana mdogo sana. Nilifungua kinywa.

"Maji iko inatembea," alisema Papa Riziki. "Nyamaza kwanza."

Tulishuka zote sita tukiangalia mstari. Lango la mwisho lilipofunguka, alizima injini.

"Sasa imesimama. Sema."

Nikamwambia yote niliyokuwa nimeyabeba. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Usukani ulikuwa mkononi mwa nani?" aliuliza. "Ni mimi sikuangalia mstari. Tangu Krismasi sikuwa nimeongea na mtu. Boti ilirudi nyuma, niliiona, nikasema acha nimalize hadithi kwanza. Wewe uliandika kosa lako kwa karatasi. Mimi nilipita njia nyingine miaka hii yote, kwa aibu."

Nilishukia pale, naye akaendelea kuelekea Brentford. Nilipanda kilima kwa miguu, taratibu kwa sababu ya goti, nikigusa kila kilango kuhakikisha kimefungwa. Kwenye loki ya tatu nilikaa kidogo juu ya boriti.

Sasa niko Hounslow, na siku nyingi simu hailii. Ikilia ni yeye. Hanisalimii kwanza, anauliza tu, "Maji imesimama?" Nami nazima redio, nasogeza kiti karibu na dirisha, ndipo namjibu.

"Yamesimama."