Usukani Uliokaa Upande

Gereji ile ilikuwa na mafundi watano, na wanne kati yao walijua kila kitu. Ukiwauliza habari za injini, umeme, rangi, hata ndoa, jibu lilikuwa tayari mdomoni. Wa tano alikuwa mwanamke, na yeye alijua jambo moja tu: gari linavyokanyaga chini. Springi, shokabsoba, boljointi, bushi za mpira, na fimbo zinazopeleka amri ya usukani mpaka kwenye magurudumu. Wakamwita Mama Bushi kwa utani, na jina likamganda mpaka mama mkwe wake naye akalitumia.

Kazi yake ilianzia masikioni. Mbele ya lango palikuwa na tuta, na kila gari bovu lililolipanda lilijishtaki lenyewe. Likigonga kwa sauti kavu, bushi zimekwisha. Likigonga kwa uzito, boljointi, kile kifundo kinachoshika gurudumu, iko mbioni kuachia. Gari zima hupita kimya. Na hapo ndipo mtihani wake ulipokuwa, kwa sababu gari alilokuwa akilisubiri siku zote alikuwa amelitengeneza mwenyewe, akalinyamazisha kabisa. Hata kama lingepita asingelisikia, kwa hiyo alizoea kuinua kichwa kila kukiwa kimya.

Lilikuwa gari la mumewe, mpima ardhi. Mtu mrefu, mpole, asiyejua spana ya kumi wala ya kumi na nne, lakini mwenye ugonjwa wake: hakuweza kupita penye kitu kilichopinda bila kukinyoosha. Akiingia nyumbani, kabla ya salamu kumtoka vizuri, ameshasawazisha kioo cha ukutani na kurudisha viti kwenye mstari. Mkewe alimcheka sana kwa hilo. Siku hizi kioo kilikuwa kimelala upande, naye alipita mbele yake asubuhi na jioni bila kukigusa.

Idara ilimhamishia mbali, mwendo wa siku mbili kwa gari. Asubuhi ya safari Mama Bushi alimfungia tairodi mpya, yaani zile fimbo mbili za usukani, akazipanga kwa macho kwa sababu muda ulikuwa umewatupa mkono. Gari likaenda sawa, ila usukani ulikaa upande. Magurudumu yakitazama mbele, wenyewe umeinamia kushoto. Mpima aliutazama kwa uchungu wa mtu aliyepewa shati lililofungwa vifungo kombo.

"Nenda nao hivyohivyo," mkewe alimwambia. "Ukirudi mwisho wa mwezi nitaunyoosha."

Mwisho wa mwezi huo haukufika. Mvua zilikata barabara, kisha kazi ikabana, kisha mvua nyingine zikaja. Simu nazo zilikuwa za kubahatisha. Wakipatana hewani waliulizana kama wamekula, wakajibizana kwamba wamekula, mtandao ukakatika. Kila mara Mama Bushi alibaki na lile alilotaka kusema, nalo lilikuwa jepesi tu: rudi, nimekukumbuka.

Fundi wa rangi, ambaye mdomo wake ulizaliwa bila breki, alisema siku moja kwamba huko aliko Mpima hakukosekani fundi wa kumnyooshea usukani. Gereji nzima ikacheka. Mama Bushi naye akacheka, tena kwa sauti, halafu akajiingiza chini ya gari ambalo halikuwa na ubovu wowote, akakaa huko. Utani ulikuwa umempata penyewe. Alimjua mumewe. Mtu asiyevumilia kioo kilicholala atavumiliaje usukani uliopinda, mbele ya macho yake, kila siku ya Mungu? Ameshanyooshewa, alijiambia. Kuna mkono mwingine umeshapita pale. Na hakuwa tena na hakika kama alikuwa akiliwazia gari.

Halafu siku moja, jua la saa nne likiwa limepamba moto, tuta likalia. Mlio mzito, wa kushoto. Boljointi, na imebakia kwa huruma tu. Mama Bushi akatoka na maneno yake tayari kwa dereva mzembe, akakuta ni Mpima, amekonda, suruali inamkaa kama ya kuazima.

Hakumkumbatia. Alipitisha kichwa dirishani kwanza. Usukani ulikuwa umeinamia kushoto, vilevile.

Akainama chini ya gari. Nati za tairodi bado zilikuwa na doa la rangi ya samawati, alama aliyoipaka mwenyewe asubuhi ile ya safari, halijakwaruzwa. Aliposhika gurudumu la kushoto likacheza mkononi, na hapo hasira na furaha zikamjia kwa pamoja asijue ianze ipi.

"Siku mbili barabarani na gurudumu hili? Ulitaka nikuzike?"

"Fundi wa kule alitaka kutengeneza," Mpima akasema. "Akasema atanyoosha na usukani. Nikamwambia mwenye kazi yake yupo."

Fundi wa rangi akarudi kwenye rangi zake.

Boljointi ilibadilishwa, kisha gari likasogezwa juu ya shimo. Mama Bushi akashuka humo na spana zake, Mpima akakaa ndani kushika usukani, kwa sababu aliye chini hauoni. Alikuwa ameshamwambia mkewe kwamba likizo ni fupi, Jumatatu anageuza.

Mama Bushi alilegeza nati, akazungusha fimbo ya kulia, akazungusha ya kushoto.

"Umenyooka?"

"Bado kidogo."

Akazungusha tena, kisha akatazama meno ya skrubu. Yalikuwa yametokeza sawasawa pande zote mbili. Hakuhitaji kuambiwa na mtu. Usukani ulikuwa umeshakaa sawa.

"Sasa je?"

"Bado," Mpima akasema, bila kuuachia usukani. "Bado kidogo."

Mama Bushi akaiweka spana chini taratibu isitoe mlio, akaegemea ukuta wa shimo, macho yamemlowa.

"Haya, tulia hapohapo," akamwambia. "Kazi hii haitaki haraka."