Vipele vya Kabula

Jumatatu, mwezi wa nne. Mvua imenyesha tangu alfajiri, hata ziwa halionekani.

Mwanangu, asubuhi umenionyesha mkono wenye vipele vya dawa huku unacheka, nami nikakufukuza uende zahanati na mvua yote hii. Nilikuwa mkali. Naandika sababu, ingawa darasa langu la nne halinitoshi kueleza jambo kama hili.

Ilikuwa Magu, miaka michache kabla ya Uhuru. Dada yangu Kabula alijikata mguu kwa jembe wakati wa palizi ya pamba, kidonda kikatunga usaha. Dresa, yule mfunga vidonda wa zahanati, akamchoma sindano ya penisilini, akamwambia arudi kuchomwa tena. Kesho yake Kabula akajaa vipele mwili mzima, anajikuna hadi damu.

Nikamtania, "Dada, una madoa kama kanga wa porini."

"Yangu yatapona," akasema. "Hayo meno yako je?"

Mama alifurahi. Kwetu mtoto wa surua akitoka vipele ni heri, maana ugonjwa unakuja nje. Upepo ukimpiga, vinarudi ndani na kumuua. Basi Mama akaona sindano inafanya kazi. Siku ya kurudi akamvalisha Kabula gauni la mikono mirefu, akamzungushia shuka mpaka kidevuni. Nikamkalisha kwenye baiskeli, nikaikokota, Mama pembeni.

Dresa, lazima niseme haki, aliuliza. "Ile ya kwanza ilikwendaje?"

"Vizuri, Bwana Daktari," Kabula akajibu.

Kabula hakudanganya. Sote tuliamini hivyo. Labda dresa angemfunua mikono. Lakini watu walikuwa wengi, na mimi sijui kazi yake. Akamchoma.

Hatujafika mlangoni, Kabula akasema koo linabana. Midomo ikavimba. Dresa akaja mbio na dawa aliyokuwa nayo. Dada yangu akafa palepale kwenye benchi, Mama bado anamfunika ili upepo usimpige.

Mwanangu, dawa ikikutoa vipele usiimeze tena, wala usivifiche. Nenda siku hiyohiyo ukavionyeshe. Jina la dawa hiyo ulijue, na yeyote atakayekushikia sindano mwambie kabla hajauliza.

Mungu akuzeeshe kuliko mimi.

Jioni tumekula ugali wa muhogo na sato. Chako kipo jikoni; hujarudi bado.